Kigelegele cha Shangazi

Jumatatu, 8 Aprili

Uji tena. Asubuhi uji, saa nne uji, mchana mtori usio na chumvi. Baba Magesa anaupoza kwa kuumimina kikombe hiki na kile, kwenda na kurudi, halafu anaonja yeye kwanza. Mume mzima ananionjea uji kama mtoto. Nampenda na ananikera.

Shuka ilinata mgongoni. Tumeilowesha kwa maji ya uvuguvugu mpaka ikaachia yenyewe. Malengelenge mapya kwapani, chini ya titi, na moja kichwani. Ya mdomoni sihesabu. Mdomo mzima ni kidonda.

Pamba imeweka vitumba huko mashambani, Bunda yote inajiandaa kwa msimu, na karani wa mizani amelala kifudifudi nyumbani kwake, Manyamanyama. Kazi yangu kwenye chama cha msingi ni kupima pamba na kuamua: hii safi, hii fifi. Fifi ni ile ya njano, yenye uchafu, iliyotobolewa na wadudu. Mwaka huu pamba fifi ni mimi.

Alhamisi kliniki Musoma. Daktari alipiga simu akasema ana jambo zuri. Hakusema jambo gani. Sitaki kufurahi mapema.

Nimefurahi.

Alhamisi, 11 Aprili

Ipo dawa!

Niandike kwa utaratibu. Ugonjwa wangu unaitwa pemfigasi. Jina hilo nilishalijua. Leo ndiyo nimeuelewa. Daktari alichora ukuta kwenye karatasi, matofali na saruji. Ngozi ni matofali, kuna saruji inayoyashika. Askari wa mwili wangu, wale wa kupigana na magonjwa, wameiona saruji ile wakadhani ni adui. Wanaibomoa. Matofali yanaachana, maji yanaingia katikati, ndiyo lengelenge.

Kwa hiyo si mkanda wa jeshi. Si UKIMWI, nimepima mara ngapi sijui. Si damu chafu. Si yule mama wa duka la jirani aliyeniangalia vibaya. Hata kuambukiza hauambukizi. Nilitaka daktari aje ayaseme hayo pale sokoni kwa kipaza sauti.

Vidonge vya prednisoloni ninavyomeza vinawapiga askari wote, wazuri kwa wabaya. Ndiyo maana uso wangu umekuwa sufuria na sukari imeanza kupanda. Dawa mpya haifanyi hivyo. Yenyewe ni kingamwili, imetengenezwa kiwandani, inatafuta aina moja tu ya chembe, wale wanaozalisha askari wakorofi. Inawajua kwa alama waliyonayo mgongoni. Wengine inawapita. Inaitwa rituksimabu. Nimelirudia jina hilo njia nzima ya kurudi Bunda, kimoyomoyo, maana kwa mdomo haliwezekani.

Dripu ya kwanza, halafu wiki mbili, halafu ya pili. Bima imekubali. Dawa iko Mwanza, ndugu akaichukue. Wamenitoa damu nyingi ya kupima, homa ya ini, kifua kikuu, kila kitu. Daktari ni binti mdogo, nadhani ni wa umri wa Magesa wangu. Aliniuliza kama nina swali. Nikaandika kwenye simu: nitaweza kupiga vigelegele?

Akacheka. Akaona sicheki. Akasema, "Mama, tukiwahi, naamini utapiga."

Ijumaa, 12 Aprili

Nieleze hili la vigelegele, hata kama najieleza mwenyewe.

Rehema anaolewa. Mtoto wa mdogo wangu Masatu, wa kwanza kwake, na mimi ndiye shangazi yake wa pekee tumbo moja na baba yake. Jumamosi ya tarehe kumi Agosti. Kijana ni wa Butiama, anafanya kazi mgodini Buhemba, mpole, ana meno mazuri. Nimempitisha. Pamba safi.

Kwa ukoo wetu bibi harusi havuki mlango wa baba yake mpaka shangazi apige kigelegele cha kwanza. Mchungaji anangoja, magari yanangoja, wakwe wanangoja. Bibi yangu, dada wa babu, alimtoa shangazi hivyo, shangazi akanitoa mimi. Na si kujisifu, lakini kuanzia Bunda hadi Suguti hakuna mwanamke wa kunifikia. Chama kilipopata lori jipya, ni mimi waliyeniita nilipigie.

Kigelegele kinataka ulimi. Ulimi wangu una vidonda pande zote mbili. Siku hizi hata "karibu" nasema nusu.

Wameshaanza kunong'ona kwamba binamu Perusi asimame badala yangu. Perusi! Kigelegele cha Perusi ni mbuzi aliyekanyagwa mguu.

Jumapili, 14 Aprili

Kanisani nilikaa nyuma, shingo imefungwa kitenge. Mama mmoja alihama benchi. Nimemsamehe. Hapana, sijamsamehe, niache uongo.

Masatu alipita jioni na samaki wake, sato wawili, kama kila wiki. Mimi siwezi kula, anawaletea Baba Magesa na majirani. Barafu inadondoka sebule nzima. Anaongea kuanzia getini mpaka jikoni na hajibiwi, haoni taabu. Leo kasema yeye ndiye atakwenda Mwanza kuchukua dawa. Nani mwingine? Miaka yote anasafirisha sangara, hajawahi kuozesha hata mmoja. "Dada, mambo ya baridi niachiege mimi. Mkoa mzima huu wa Mara nani ananizidi kwa baridi?"

Mpilipili wangu nje ya jiko umezaa mpaka umeinama. Hakuna anayechuma. Pilipili, ndimu na samaki mkavu wa kukaanga, hivyo tu ndivyo nilivyokuwa nikiomba maishani. Naupita bila kuutazama.

Jumatano, 17 Aprili

Masatu yuko Mwanza. Kapiga simu kutoka dirisha la dawa, anapiga kelele mpaka hospitali nzima inamsikia. Amepewa chupa za dripu ya kwanza. Za pili zinamngoja kwenye friji yao huko huko mpaka wiki mbili zifike. "Ni vichupa vidogo, dada, kama vya chanjo ya kuku!"

Kesho saa mbili nitakuwa Musoma kitandani. Masatu analala hapa Bunda kwa rafiki yake mwenye ghala la samaki, asubuhi anatangulia.

Nimefua gauni la kufunguka mbele. Nimekata kucha. Baba Magesa ananicheka kwamba najiandaa kama naolewa mimi. Nina furaha ya kijinga. Nimejaribu kusogeza ulimi kushoto na kulia, polepole, bila sauti. Umeuma sana. Haidhuru.

Alhamisi, 18 Aprili

Zimeganda.

Masatu alifika kabla yetu, amevaa shati la harusi. Aliliweka boksi mezani kwa muuguzi kama anayetoa sadaka. Muuguzi akafungua. Ndani barafu, na katikati ya barafu vichupa vyeupe, vigumu, kimoja kimepasuka.

Alizilaza kwenye friza. Usiku kucha, pamoja na minofu ya sangara. Walimwambia Mwanza zikae kwenye baridi. Kwa mtu wa samaki baridi ni friza, na baridi nzuri ni ile ya jiwe. Alipoziona zimekuwa jiwe akafurahi.

Daktari alikishika kichupa kimoja mkononi muda mrefu. Akaeleza kwa upole kwamba hii si samaki. Ikiganda inavunjika ndani, hata ikiyeyuka haiijui tena ile alama. Haifai. Akamwita mfamasia naye akatikisa kichwa.

Masatu alisema, "Si ziyeyushwe tu?" Mara mbili.

Nilitaka kupiga ukelele. Sina mdomo wa kupigia ukelele. Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje, nikaangalia ziwa, na nikamchukia mdogo wangu kwa moyo wangu wote.

Ijumaa, 19 Aprili

Bado namchukia.

Kaja mlangoni, sikutoka. Baba Magesa kakaa naye nje. Nilimsikia Masatu akisema atasogeza harusi mpaka mwakani. Nikatoka nikaandika kwenye simu kwa herufi kubwa, nikamwekea machoni: HARUSI HAISOGEI.

Akaondoka bila kusema neno. Masatu, bila neno! Hata kwenye mazishi ya baba alikuwa anaongea.

Jumatatu, 22 Aprili

Daktari kapiga simu. Anapigana kweli yule binti. Chupa za dripu ya pili bado ziko salama Mwanza. Tunazichukua sasa, ziwe ndizo za kwanza. Kwa zile za pili ameomba upya, kaandika sababu, hajui watajibu lini wala kama watakubali. Dripu moja peke yake haitoshi kwa ugonjwa kama wangu. Ni bora kuliko bure, lakini haitoshi. Kasema wazi na nimependa alivyosema wazi.

Malengelenge yameenea mpaka tumboni. Kidonge kimeongezwa. Nina njaa kama ndama na siwezi kutafuna.

Nani ataifuata dawa? Magesa yuko Dodoma kazini. Baba Magesa haniachi. Nimefikiri siku nzima. Mwisho nikamwandikia Masatu: nenda.

Akajibu: mimi?

Nikaandika: wewe. Nikaongeza: pitia Musoma kwanza, muuguzi akupe boksi lake na akufundishe.

Najua kwa nini nimefanya hivyo. Hakuna mtu Mara nzima atakayekuwa na hofu na vichupa hivyo kuliko yeye.

Alhamisi, 25 Aprili

Niko kitandani, hospitali, na INAINGIA.

Masatu alikuja na boksi la bluu la chanjo, lile lenye kipimajoto kifunikoni. Alilipakata kutoka Mwanza mpaka Musoma. Hakulala njiani, hakushuka kula, hakuongea na jirani wa kiti. Kila gari likisimama alikuwa anasoma kipimajoto. Muuguzi alipofungua, maji. Dawa ya maji, safi, inacheza kwenye kichupa. Muuguzi akampa mkono. Masatu akaupokea kwa mikono miwili, akaenda kukaa nje.

Walinipa kwanza panadoli, Piritoni na sindano nyingine. Kisha dripu, tone, tone, polepole kupita kiasi. Nilitaka waifungulie kama bomba. Baada ya muda koo likawasha, nikatetemeka, meno yakagongana. Nikaogopa. Muuguzi akaisimamisha, akangoja, akaanza upya kwa mwendo wa konokono. Ikakubali. Saa kumi sasa na bado kidogo imebaki.

Mvua inanyesha juu ya bati. Ninaziambia chembe zangu: mmekwisha. Nimesisimka kama msichana wa shule siku ya matokeo.

Jumatano, 8 Mei

Hakuna kitu.

Daktari aliniambia itachukua wiki kadhaa. Nilisikia. Lakini nilikuwa nimejiwekea kwamba mimi nitakuwa tofauti. Asubuhi ya leo, lengelenge jipya begani, na la ufizi limepasuka wakati wa kusukutua.

Ombi la dripu ya pili halijajibiwa. Kesho ndiyo ingekuwa siku yake.

Rehema alikuja na kipande cha kitambaa cha sare. Kijani kama majani ya pamba. Akaniuliza nipimwe lini. Nikamwambia bado navimba na kunywea, tungoje. Hakunikumbatia, anajua ngozi inabanduka. Aliniwekea kiganja hewani karibu na shavu, akakishikilia hapo. Alipoondoka nililia na machozi yakachoma vidonda vya mashavuni. Hata kulia kuna adhabu.

Siku fifi kabisa.

Jumanne, 14 Mei

Wamekubali!

Daktari kapiga simu nikiwa chooni, nimepokea huko huko. Masatu ameshaondoka kwenda Mwanza na boksi la bluu. Hakuniuliza. Nilimwona Baba Magesa akicheza peke yake uani, hajui namtazama. Anacheza vibaya, Mungu ambariki.

Alhamisi, 16 Mei

Dripu ya pili imeingia. Safari hii koo halikuwasha. Nililala ikiingia. Niliota nakula kitu, nilipoamka sikukumbuka ni nini.

Masatu alikaa nje kwenye benchi tena. Sasa naweza kumtazama. Ila amekuwa mtu mwingine. Ananitumia ujumbe kila asubuhi, "Umeamkaje dada," basi. Hajaleta samaki tangu siku ile. Nyumba ni kavu, sebule haina maji ya barafu, na kumbe nilikuwa nayapenda.

Jumamosi, 1 Juni

Leo nimejikagua mbele ya kioo, Baba Magesa ameshika taa ya simu nyuma yangu. Kichwani, mgongoni, kwapani, kila mahali.

Hakuna jipya.

Tumerudia. Hakuna jipya. Yale ya zamani yamekauka, yameacha madoa meusi. Mgongo wangu ni ramani. Sijali madoa. Madoa mazuri sana hayo!

Jumatatu, 10 Juni

Nimerudi kwenye mizani. Mikono mirefu, barakoa mdomoni, maana daktari kasema kinga yangu iko chini, nijihadhari na vikohozi vya watu. Wakulima walinipokea kwa kelele. Mzee mmoja wa huku Bunda alileta mzigo wa fifi amefunika juu kwa pamba safi, akidhani nimeugua mpaka macho. Nilimwaga gunia lote chini. Nimejisikia mzima.

Mchana nimekula ugali. Laini, na mlenda. Mdomo umebaki na vidonda kadhaa upande wa kulia. Nimetafunia kushoto.

Ijumaa, 28 Juni

Nimegundua kitu. Ghala likijaa pamba, sauti haitoki. Ukiongea ndani, pamba inameza yote.

Vijana walipoondoka kula nilijifungia humo. Nikavua barakoa. Nikapiga.

Kilitoka kitu cha ajabu. Hewa na mate. Ulimi mzito, haufuati. Nimejicheka mwenyewe mpaka nikakaa juu ya gunia. Nimejaribu tena, na tena, mpaka upande wa kulia ukauma. Kesho tena.

Jumatano, 24 Julai

Kila siku mchana nipo ghalani. Vijana wanadhani nasali.

Ulimi umeanza kukubali. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Sauti ni nyembamba lakini ni yangu, naitambua. Kidonda kimebaki kimoja, nyuma kabisa, karibu na gego.

Prednisoloni imepunguzwa mara mbili. Uso wangu wa zamani unarudi kidogo kidogo. Sare nimepimwa. Fundi kasema nina kiuno.

Jumanne, 30 Julai

Homa.

Ilianza jana jioni, leo asubuhi nyuzi zimepanda na kikohozi juu. Zimebaki siku chache, na mimi nakohoa! Tumekimbia Musoma. Wamepima malaria, hakuna. Kifua, kuna kitu kidogo upande mmoja. Wamenilaza, dawa za mshipa. Daktari hakutabasamu leo. Kasema ndiyo bei ya kuwapunguza wale askari, na kwamba kule harusini kutakuwa na watu wengi mno kwa mtu kama mimi.

Niligeukia ukutani.

Perusi kapiga simu kunijulia hali. Mwishoni kauliza Rehema anapenda kitambaa cha rangi gani kichwani. Nikakata.

Ijumaa, 2 Agosti

Homa imeshuka. Kikohozi bado.

Masatu alikuja kunitazama. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, mikono katikati ya magoti. Kisha akasema, "Dada, ningekuwaga sijagandisha ile dawa, saa hizi ungekuwa umeshapona."

Sijui kama ni kweli. Daktari naye hajui, nilimuuliza. Nilimwambia Masatu hivyo. Nikamwambia pia kwamba nilimchukia, vizuri kabisa, kwa moyo wote, na imekwisha. Akaitikia kwa kichwa. Bado hakutania. Nikaona huyu naye ana kidonda, na dripu yake sijui inapatikana wapi.

Jumanne, 6 Agosti

Nimetoka hospitali! Ruhusa nimepata, ina masharti. Niwepo kwa baba wa bibi harusi tu, si ukumbini Butiama. Nikae nje penye upepo. Barakoa muda wote. Nikamwonyesha daktari ulimi, nikamwonyesha unavyokwenda. Akaangalia kwa tochi kushoto na kulia, nyuma kabisa. Akazima tochi.

"Barakoa muda wote," alisema. "Isipokuwa kile cha kwanza."

Nilimkumbatia. Ngozi yangu haikubanduka. Tulilitambua hilo wote wawili kwa pamoja, tukabaki tumesimama tu.

Jumapili, 11 Agosti

Jana sikuweza kuandika. Niandike sasa, yote.

Suguti, kwa Masatu. Turubai, viti, wanawake wa kijani wamejaa uani. Mimi nje ya mlango, kiti changu kimewekwa mbali na watu, upepo wa ziwa unanipiga usoni. Barakoa. Perusi nyuma yangu, karibu mno, kajifunga kitambaa kichwani tayari.

Magari ya Butiama yakafika. Hoi hoi zikaisha. Masatu akatokea mlangoni ameshika mkono wa Rehema, wakasimama pale kizingitini. Mguu wa Rehema, kiatu cheupe, unagusa ubao wa mlango na hauvuki. Watu wote wakanitazama.

Nikavua barakoa. Nikapiga.

Hewa. Hewa tupu na kikohozi juu yake.

Nilisikia mtu akisema "maskini." Nilimsikia Perusi akivuta pumzi nyuma yangu, anajiandaa. Bila kugeuka nikanyanyua mkono kumzuia, kiganja kikampata mdomoni. Sijutii.

Nikamtazama Masatu. Amefumba macho. Amefumba kama mtu anayengoja kupigwa. Nikakasirika. Nikavuta hewa yote ya ziwa lile, nikakunja ulimi, na kikatoka.

Kikatoka! Chembamba mwanzoni, kisha kikapanda, kikapanda tena, kikavuka turubai. Ulimi unakwenda wenyewe, kushoto na kulia, hauumi, hauumi popote! Sikumbuki nilikitoa kwa muda gani. Najua mbuzi walikimbia. Najua wanawake wote walipokea kwa pamoja na ardhi ikatetemeka. Najua Rehema alivuka mlango anacheka na analia, akanijia moja kwa moja akanikumbatia kwa nguvu zote, hakupima.

Masatu alisema neno moja, "Dada." Akarudi ndani, akakaa huko mpaka walipokwenda kumtoa.

Walipoondoka kwenda Butiama nilibaki na viti vitupu. Nikavaa barakoa yangu. Baba Magesa akaniletea uji akaupoza kikombe hiki na kile. Nikamwambia uji basi. Akasema leo tu, mara ya mwisho. Nikaunywa.

Jumapili, 18 Agosti

Asubuhi ya baridi. Nimemeza vidonge, vimebaki vidogo. Nimepaka mafuta mgongoni, Baba Magesa amefikia pale nisipofika. Madoa yanafifia. Daktari kasema ugonjwa unaweza kurudi, miezi ijayo au miaka, na kama ukirudi dawa ipo. Nimelisikia hilo. Leo haupo.

Saa tano geti liligongwa. Masatu, na sato mmoja kwenye ndoo. Akasimama mlangoni, viatu vimejaa vumbi la njiani.

"Barafu kidogo tu leo, dada. Nimemuulizaga kwanza huyu samaki kama anasikia baridi."

Nilichelewa kuelewa. Nikacheka, mdomo wazi. Naye akaanza kuongea. Akaongea kuhusu wakwe, kuhusu wali wa Butiama, kuhusu Perusi anayelalamika kapigwa kofi, maji ya ndoo yakidondoka kutoka sebuleni mpaka jikoni.

Nimemkaanga yule samaki mpaka akakauka. Nimekata ndimu. Halafu nikatoka nje nikachuma pilipili moja.

Imewasha. Imewasha kama pilipili inavyowasha, basi.